Katika karakana ya pamoja, watu hutangulia mashine

Ndugu wanajukwaa,

Kila kundi la watu linapotaka kuanzisha karakana ya pamoja, yaani mahali ambapo mafundi, wanafunzi na watu wenye shauku tu hugawana zana na nafasi ya kufanyia kazi, mazungumzo huanza na orodha ya vifaa. Mmoja anataka mashine ya kukata kwa leza, mwingine printa ya 3D, na wa tatu anasisitiza kwamba bila msumeno wa meza na kerezo, ile mashine inayozungusha mbao au chuma ili kichongwe, mahali hapo hapatastahili kuitwa karakana. Orodha hujadiliwa kwa wiki kadhaa, bei hutafutwa, barua za kuomba ufadhili huandikwa, na muda wote huo hakuna anayeuliza ni nani atakayefungua mlango siku za jioni. Ninaleta hoja kwamba mpangilio huo umegeuzwa kichwa chini. Nitajaribu pia kueleza jinsi jambo lenyewe linavyofanya kazi, kwa sababu kauli ya kwamba "watu kwanza", ikiachwa bila maelezo, hubaki kuwa maneno matamu ambayo kila mtu huyaitikia na hakuna anayeyafuata.

Nianze na mji mmoja mdogo wa Marekani, Menlo Park katika jimbo la California, kwa kuwa umeshuhudia pande zote mbili za hoja hii. Mwaka 2006 ilianzishwa huko kampuni iliyoitwa TechShop, ambayo iliwauzia watu uanachama wa karakana kwa ada ya mwezi. Kwa upande wa vifaa hapakuwa na cha kulalamikia: kulikuwa na mashine za leza, mashine za kuchonga chuma zinazoongozwa na kompyuta, vyumba vya kulehemu, cherehani za viwandani, na baadhi ya matawi yalikuwa hata na mashine ya kukata chuma kwa maji yenye shinikizo kubwa. Tarehe 15 Novemba 2017 matawi yote 10 ya Marekani yalifungwa kwa mkupuo, bila wanachama kupewa taarifa ya mapema, na kampuni ikatangaza kwamba inafilisika. Sababu kubwa ilikuwa fedha, na sitaki kudai kwamba ukosefu wa ushirikiano ndio uliowaangusha. Kinachonivutia ni kilichofuata. Mali za kampuni ziliingia katika taratibu za ufilisi, lakini watu waliokuwa wamezoeana kwenye meza za kazi hawakuhesabiwa miongoni mwa mali hizo. Katika Bonde la Silikoni (Silicon Valley), eneo ulipo mji huo wa Menlo Park, waliokuwa wanachama na wafanyakazi waliungana wakaanzisha Maker Nexus, taasisi isiyo ya faida, na huko Pittsburgh ikazaliwa Protohaven kuziba pengo lililoachwa. Pale ambapo watu walikuwa wanajuana kwa majina, karakana ilirudi kwa jina jingine na kwa mashine nyingine.

Upande wa pili wa mji huo ni wa zamani zaidi. Tarehe 5 Machi 1975, katika gereji ya Gordon French humo humo Menlo Park, watu wapatao 30 walikutana kwa mara ya kwanza chini ya jina la Homebrew Computer Club. Kifaa kilichowavuta kilikuwa kimoja, Altair 8800, kompyuta iliyouzwa kwa vipande, isiyo na kibodi wala skrini, ambayo mtumiaji aliiingizia maagizo kwa kubonyeza swichi na kusoma majibu yake kwenye vitaa. Steve Wozniak, aliyekuja kuwa mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Apple, alikuwamo katika mkutano huo, na amesimulia mara nyingi kwamba ndio uliompa wazo la kompyuta aliyoibuni baadaye, Apple I, ambayo michoro yake aliigawa bure kwa wenzake wa klabu.

Naomba tuutazame kwa karibu utaratibu wa mikutano yao, kwa sababu ndipo siri ilipo. Baada ya klabu kukua na kuhamia kwenye ukumbi, mwanachama mmoja, Lee Felsenstein, aliiongoza mikutano katika sehemu mbili. Katika sehemu ya kwanza watu walisimama mmoja mmoja wakaeleza wana nini, wanatafuta nini na wamekwama wapi. Katika sehemu ya pili kila mtu aliachwa huru kumfuata yule aliyemsikia, na hapo ndipo vipuri, michoro na majibu vilipobadilishana mikono. Hakuna mashine ya kununuliwa inayoweza kufanya kazi ya ile sehemu ya kwanza. Utaratibu huo haugharimu chochote isipokuwa nidhamu ya mtu mmoja anayesimamia zamu za kuongea na kumkatiza kwa upole anayezidisha.

Sasa tuingie karakana yenyewe. Chukueni mashine ya randa, ile ya kusawazisha unene wa mbao. Mtu analeta ubao uliokwisha kutumika, ndani yake kuna msumari uliokatika kichwa, na hakuuona. Ubao unapopita, visu vinamegeka kidogo. Kuanzia hapo kila ubao utakaopita utatoka na mstari mwembamba ulioinuka, umenyooka kutoka mwanzo hadi mwisho wa ubao, mahali pale pale. Anayefuata hudhani ubao wake ndio wenye kasoro. Wa tatu hudhani visu vimekuwa butu, naye huanza kugusagusa vipimo ambavyo havikuwa na tatizo. Wa nne huacha kuitumia mashine hiyo na kuwaambia wengine kwamba ni mbovu. Lakini kama yule wa kwanza angesema siku ile ile, mtu anayeijua mashine angelegeza kisu kimoja, akakisogeza kando kwa milimita chache ili mapengo yasipangane, akakaza, na kazi ingeendelea mpaka siku ya kunoa. Mashine ni ile ile katika hali zote mbili, na thamani yake kwa wanachama inategemea kama mtu mmoja alifungua kinywa.

Kwa hiyo swali zito la karakana ya pamoja ni hili: anayesema "nimeharibu" hufanywa nini? Akizomewa, au akitozwa faini mbele ya watu, wengine wote watajifunza kunyamaza, na ukimya huo utakula mashine haraka kuliko kutu. Mimi ningeweka kanuni moja juu ya nyingine zote, kwamba anayeripoti hasara halipi isipokuwa kwa hiari yake, na anayeificha ndiye anayewajibishwa. Gharama ya visu hulipwa na mfuko wa pamoja, na kwa maoni yangu hizo ni fedha zilizotumika vizuri kuliko zozote nyingine.

Mfano mwingine ni wa leza. Karibu kila mashine ya leza ya pamoja imebandikwa tangazo la kukataza kukata plastiki ya PVC, kwa sababu plastiki hiyo ikiungua hutoa gesi ya kloridi ya haidrojeni, ambayo hudhuru mapafu na hutafuna reli, vioo na lenzi za mashine. Tangazo ni zuri, lakini tatizo ni kwamba PVC haiji na jina usoni. Ngozi bandia nyingi ni PVC, na baadhi ya karatasi za kunata pia ni PVC, na mgeni aliyenunua kipande dukani hajui. Kuna kipimo cha kale cha kupasha waya wa shaba motoni mpaka uwe mwekundu, kuugusisha kwenye plastiki na kuurudisha motoni, na mwali ukigeuka kijani, klorini ipo. Lakini nani atamfundisha mgeni kipimo hicho, saa ngapi, na kwa sauti gani? Ni yule aliyeketi meza ya jirani, akaona kile kipande, akainuka. Vivyo hivyo kwenye kerezo: macho ya mtu wa pili ndiyo yanayouona ufunguo wa kukazia taya za mashine ulioachwa humo kabla mwenye kazi hajaiwasha.

Elinor Ostrom, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alichunguza jinsi watu wanavyotunza maeneo ya uvuvi, mifereji ya umwagiliaji na misitu ya pamoja bila kuibinafsisha wala kuikabidhi serikali. Hakuchunguza karakana, lakini aliyoyakuta yanatufaa: watumiaji wenyewe hushiriki kutunga kanuni, wasimamizi hutoka miongoni mwao au huwajibika kwao, adhabu huanza kwa udogo na kupanda hatua kwa hatua, na kuna njia nyepesi na ya haraka ya kumaliza ugomvi. Kati ya hayo yote sioni hata moja linalohitaji umeme.

Naomba hoja zenu.

Mchangiaji wa kwanza:

Ndugu mleta mada, umeandika vizuri, lakini unaegemea mno upande mmoja. Mwaka 2007 Wajerumani wawili, Jens Ohlig na Lars Weiler, walitoa mwongozo wa kuanzisha karakana za watundu wa kompyuta (hackerspaces), na mwongozo huo ndio uliowahamasisha Wamarekani waliokwenda kuanzisha maeneo kama NYC Resistor na Noisebridge. Kwenye swali la kipi kitangulie, miundombinu au miradi, walijibu bila kigugumizi kwamba miundombinu hutangulia, na watu watakuja na miradi ya ajabu baadaye. Hawa hawakuwa watu wa nadharia, kwa sababu walichota kwenye uzoefu wa maeneo yaliyodumu, kama c-base ya Berlin iliyoanza mwaka 1995. Isitoshe, hakuna mtu anayetoka nyumbani kwake jioni kwenda kwenye chumba kitupu chenye watu wema. Anakwenda kwa sababu kuna kitu asichokuwa nacho kwake. Mashine ndiyo inayomwita, na urafiki hufuata. Ukikusanya watu kwanza utapata kikao, si karakana.

Mleta mada:

Mkuu, hoja yako ni nzito na naipokea kwa uzito wake. Hata hivyo, hebu tutazame walichokiita miundombinu: vyumba, umeme, mtandao, mahali pa kuketi. Hayo ni mambo yanayomwezesha mtu kukaa, na hakuna mahali waliposema kwamba usifungue mlango mpaka uwe na leza. Sehemu nyingine za mwongozo huo zimejaa masuala ya watu: kuwe na mkutano kila wiki kwa siku isiyobadilika, na kwa kuwa hakuna siku inayomfaa kila mtu, chagueni Jumanne mmalize ubishi, amueni mambo makubwa mkiwa wote, na muwe na jibu kwa swali la vyombo vichafu. Watu wanaodhani kwamba suala la vyombo ni dogo hawajawahi kukaa kwenye eneo la pamoja.

Kuhusu mashine kuwa ndiyo inayoita, ni kweli kwa ziara ya kwanza. Ziara ya pili ina sababu zake. Mtu aliyekuja kwa ajili ya leza, akaikata kazi yake na kuondoka bila kusemeshwa na yeyote, ataihesabu karakana kama huduma, na siku akipata huduma ya bei nafuu zaidi ataihama. Mtu huyo huyo akiulizwa "unatengeneza nini?", na swali likazaa nusu saa ya mazungumzo juu ya namna bora ya kuunganisha pembe, ana sababu ya kurudi hata siku ambayo hana kitu cha kukata.

Tena kuna ushahidi wa vuguvugu ambazo zimeenea bila mashine kubwa. Oktoba 2009, huko Amsterdam, Martine Postma aliandaa kikao cha kwanza cha kile kilichokuja kuitwa Repair Café, ambako watu huleta vifaa vilivyoharibika na kuvitengeneza pamoja na wajuzi wanaojitolea. Zana zake ni bisibisi, cherehani, kipima umeme na chuma cha kulehemia nyaya. Leo kuna zaidi ya 2,000 duniani. Huko Australia, karakana za wanaume ziitwazo Men's Sheds zilishika kasi katika miaka ya 1990 na kuenea baadaye hadi Ireland na Uingereza. Waanzilishi walitambua kwamba wanaume wengi, hasa waliostaafu, hawasemi shida zao wakiketishwa ana kwa ana, bali huzisema wakiwa bega kwa bega, mikono ikiwa na kazi. Randa na jiriwa zilikuwapo, lakini zilikuwa ni kisingizio chema cha kuwaketisha watu pamoja.

Jambo moja nakubaliana nawe kabisa: mfumo wa kufyonza vumbi na moshi, vizima moto, miwani ya kinga na umeme ulioungwa na fundi mwenye sifa si vitu vya kusubiri jamii ikue. Hivyo huja siku ya kwanza au karakana haifunguliwi.

Mchangiaji wa pili:

Ndugu zangu, mnazungumza juu ya jamii kana kwamba kila jamii ni njema. Naomba niseme kama mwanamke aliyeingia katika maeneo ya namna hii zaidi ya mara moja. Unafungua mlango, wamo watu watano wanaojuana tangu zamani, wana utani wao, na hakuna anayeinua kichwa. Ukiuliza kuhusu mashine unaulizwa kama umekuja na mtu. Ukishika patasi, mtu anainyakua mkononi mwako "akusaidie". Watu hao wakielezea karakana yao watasema ina umoja wa hali ya juu, na hawatakuwa wanasema uongo, maana umoja upo, ila wewe haumo ndani yake.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Mmarekani Jo Freeman aliandika kwamba kundi linalojisifu kuwa halina muundo huwa na muundo uliofichika, na kwamba wanaofaidika nao ni wale wanaojuana tayari. Ndiyo maana wakati mwingine napendelea karakana yenye ubaridi kidogo lakini yenye kanuni zilizoandikwa. Daftari la zamu halijali mimi ni nani. Mafunzo yenye cheti yakisema nimefuzu kutumia msumeno wa meza, hakuna mwenyeji anayeweza kunizuia kwa sababu ya hisia zake. Kwa hiyo, mleta mada, ukisema watu hutangulia mashine, tuambie ni watu gani, na nani amewachagua.

Mleta mada:

Dada, ahsante sana. Hili ndilo lililokuwa pungufu katika andiko langu la kwanza, na linaibadilisha hoja kuliko alivyoibadilisha mwenzetu aliyetangulia. Nakubali kwamba ukaribu wa watu walioanza pamoja unaweza kuwa ukuta, na ukuta huo hauonekani kwa aliye ndani. Daftari la zamu, orodha ya waliofuzu na kanuni zilizobandikwa ukutani ni sehemu ya jamii yenyewe, tena ni sehemu inayomlinda mtu ambaye bado hana rafiki humo. Ningeongeza mawili. La kwanza, kila jioni ya wazi iwe na mtu mmoja ambaye zamu yake ni kupokea wageni, asiwe na kazi yake mwenyewe mezani usiku huo, na zamu hiyo izunguke kwa wote, wakiwamo wale wazee wa karakana wasiopenda kusumbuliwa. La pili, zana isitoke mkononi mwa mtu bila ruhusa yake, hata kwa nia ya kumsaidia. Anayetaka kusaidia aulize, kisha aelekeze kwa maneno, na mikono ya mwenye kazi iendelee kufanya.

Mchangiaji wa tatu:

Wakuu, hoja zote nimezisoma. Sisi tuna chumba, tuna watu wapatao kumi na wawili na tuna fedha kidogo. Tuzitumie vipi?

Mleta mada:

Mkuu, nitajibu kwa ufupi. Baada ya usalama, nunueni zana za mkono zilizo bora, na kila moja zaidi ya moja, ili watu wawili waweze kufanya kazi ile ile wakiwa meza moja. Nunueni meza nzito na jiriwa imara. Tengeni fungu la vinavyotumika na kuisha, kama msasa, visu, gundi na vipande vya kujaribia, kwa sababu mashine ya msaada isiyo na fungu la vipuri huwa pambo. Mashine kubwa inunuliwe pale tu wanachama wawili au watatu watakapotajwa kwa majina kuwa walezi wake, wanaojua kuifungua, kuisafisha na kuwafundisha wengine. Ikikosa walezi, isinunuliwe hata kama fedha zipo.

Jihadharini zaidi na mashine za kuazimwa. Mwanachama atawaambia kwamba ana kerezo nyumbani, halina kazi, atalileta. Ni ukarimu wa kweli, lakini miezi kadhaa baadaye hakuna anayekumbuka ni nani anayelipa likiharibika, na mwenyewe akikosana na wenzake atakuja na gari kulichukua katikati ya kazi ya mtu mwingine. Andikeni karatasi moja kabla halijavuka mlango: ni la nani, linakaa mpaka lini, nani anagharamia matengenezo, na mwenyewe atatoa taarifa ya siku ngapi akilitaka. Na msione haya kukataa vilivyovunjika ambavyo watu hutaka kuvitupa kwenu kwa jina la msaada, kwa sababu kila kimoja kitachukua nafasi ya sakafu ambayo mtu angeweza kusimama akafanya kazi.